Waridi dogo linapukutika ndani: litoe nje

Dada wa Kirumba, umeuliza kwa nini waridi dogo ulilopewa zawadi linapukutisha majani tangu uliweke pembeni ya televisheni, na kama ukilitoa nje jua la Mwanza halitaliua. Litoe. Mimi langu la kwanza nilichelewa kulitoa, likafa.

Nilikuwa nimepanga Nyakato. Nikasoma mtandaoni kwamba waridi la ndani liwekwe dirisha la kusini, nikatii. Kumbe walioyaandika hayo wako Ulaya, ambako jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Sisi tuko kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta: Juni jua linapitia kaskazini, Desemba linahamia kusini kidogo, na saa sita mchana liko karibu na utosi, linaishia kwenye bati. Ongeza nondo, wavu wa mbu na pazia. Wewe unaona chumba kina mwanga, mmea unaona giza. Waridi, hata liwe la kimo cha kikombe, linataka jua lenyewe kama saa sita kwa siku.

Ila kilicholimaliza langu ni utitiri. Majani yalijaa vidoa vya njano, nikadhani ni kiu, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Siku moja nikagonga kitawi juu ya karatasi nyeupe. Likadondoka vumbi kama pilipili manga, halafu vumbi likaanza kutembea! Wadudu hao hustawi kwenye joto na hewa kavu, na ndani hakuna mvua ya kuwaosha. Yale maji niliyozidisha nayo yakaozesha mizizi. Angalia chini ya majani yako leo. Ukiwakuta, osha upande huo kwa maji kila baada ya siku mbili tatu.

La pili nililiweka kibarazani upande wa mashariki: jua la asubuhi, kivuli alasiri. Sikulitoa kwa mkupuo. Niliongeza saa moja moja kwa wiki nzima, maana majani yaliyozoea kivuli huungua. Nilipolibadilishia kopo nikakuta ni miche minne imebanana. Wauzaji hufanya hivyo ili chungu kionekane kimejaa. Nikaitenganisha kwenye makopo ya rangi niliyoyatoboa chini, udongo nikauchanganya na samadi iliyooza na pumba za mpunga. Mmoja ulipekuliwa na kuku wa jirani, mitatu ipo.

Nje nako kuna shida yake. Masika yakichanganya, majani hupata madoa meusi, yanageuka njano na kudondoka. Yachume uyatupe mbali, sogeza makopo chini ya upenu, na mwagilia asubuhi kwenye udongo, si juu ya majani.

Ukitaka maua mezani siku ya wageni, liingize jioni. Wakishaondoka, kesho yake asubuhi lirudi kibarazani.