Maswali ya Wasomaji: Kuitawala China ya Qin Shi Huang katika Civilization VI

Civilization VI ni mchezo wa kompyuta wa kujenga taifa kwa zamu. Namba zote hapa ni za mwendo wa Standard, mchezo ukiwa na nyongeza ya Gathering Storm.

Swali: Natengeneza mjenzi mmoja na kutumia nguvu zake zote kwenye Piramidi, moja ya maajabu ya mchezo, lakini kompyuta hunitangulia kila mara. Nakosea wapi? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Unasubiri teknolojia ya Uashi, inayofungua Piramidi, ikamilike ndipo uanze kutafuta wajenzi. Geuza mpangilio: wajenzi watangulie, Uashi ufuate.

Mjenzi wa Qin ana chaji 4 (yaani anaweza kufanya kazi mara nne kabla ya kutoweka), si 3 kama wa mataifa mengine, na kila chaji hukamilisha 15% ya gharama ya ajabu lolote la enzi ya Kale au ya Klasiki. Piramidi hugharimu uzalishaji 220, kwa hiyo chaji moja ni sawa na 33. Mjenzi wa kwanza hugharimu 50, na kila anayefuata huongezeka 4. Wawili ni 104, na wanakupa chaji 8.

Chukua mji unaozalisha 8 kwa zamu. Ukijenga Piramidi kwa nguvu zake pekee, utangoja zamu 28. Ukitengeneza wajenzi wawili kwanza, hao ni zamu 13. Kisha weka Piramidi kwenye foleni na utumie chaji moja kila zamu: baada ya zamu 6 una 198 za wajenzi na 48 za mji, na kazi imekwisha. Jumla ni zamu 19, na chaji 2 zinabaki kwa mashamba. Lililo muhimu zaidi ni kwamba zile zamu 13 zinapita wakati Uashi bado unasomwa, kwa hiyo mpinzani ana zamu 6 tu za kukuwahi.

Unaweza kuzipunguza tena. Mjenzi wako wa kwanza kabisa aboreshe vigae 3 vya ramani, nawe utapata hamasa ya sera ya Ufundi, yaani sehemu ya gharama yake bure. Chaji yake ya nne itunze. Ufundi hufungua kadi ya Ilkum, inayoongeza 30% kwenye utengenezaji wa wajenzi. Ukiwa nayo, wawili watakaomfuata (54 na 58) watakuchukua zamu 11 tu.

Mambo matatu huharibu mpango huu. Kwanza, chaji haifanyi kazi kama mji haujengi ajabu hilo wakati huo, na mjenzi lazima asimame juu ya kigae linapojengwa. Pili, Piramidi hutaka jangwa lisilo na kilima. Hakikisha kigae kimo ndani ya mpaka wako kabla hujatengeneza mtu. Tatu, wavamizi humteka mjenzi asiye na mlinzi, na chaji zote huondoka naye. Mpe askari mmoja wa kumsindikiza.

Usiishie kwenye Piramidi. Petra ni 400, hivyo chaji moja ni 60 na mjenzi mmoja hulipa 240. Maajabu ghali ya Klasiki ndiyo yanayolipa vizuri kuliko yote. Ya Enzi za Kati na kuendelea hayakubali chaji, kwa hiyo usiweke wajenzi akiba ukiyangojea. (Wabunifu wa mchezo walitazama historia: Qin aliyeunganisha China mwaka 221 KK alijenga kwa kuwalazimisha raia wake kufanya kazi.)

Swali: Nasikia China ni taifa la yureka. Nizitumieje? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Ukitimiza sharti fulani, yureka hukulipia sehemu ya gharama ya teknolojia, na hamasa ile ya sera. Kwa wengine hulipa 40% ya gharama, kwa China ni 50%. Basi soma teknolojia mpaka ifike nusu, ihame, usome nyingine, na urudi yureka ikipatikana. Ukivuka nusu kabla ya yureka, ziada hupotea.

Zilizo rahisi mwanzoni: machimbo ya mawe kwa Uashi, shamba juu ya rasilimali kwa Umwagiliaji, kukutana na taifa jingine kwa Uandishi, adui mmoja kuuawa na mpiga kombeo kwa Upigaji Mishale. Mpiga kombeo ndiye apige pigo la mwisho. Hapo wengi hukosea kwa kumwachia shujaa wa rungu. Tena, kila ajabu unalomaliza hukupa yureka na hamasa ya enzi yake kama bado zipo, kwa hiyo usipoteze zamu kuzitafuta zote za enzi hiyo kwa mkono.

Swali: Ukuta Mkuu unafaa kweli? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Unafaa kwa mapato kuliko vita. Askari aliye juu yake hupata ulinzi +4, lakini ukuta wenyewe haumzuii adui kupita. Faida yake ni ujirani: kila kipande huleta dhahabu kulingana na vipande kinavyopakana navyo, na baada ya teknolojia ya Ngome huleta utamaduni pia. Kipande kilicho peke yake ni chaji iliyopotea.

Ujengwe mpakani tu, na hapo ndipo penye mtego: mpaka ukisogea, vipande vya zamani hubaki ndani na mstari haurefuki tena. Subiri mji utulie, au anzia ufukweni na milimani ambako mpaka hauna pa kwenda. Baadaye, ukipata Crouching Tiger, kikosi cha mizinga cha China pekee, kisimamishe juu ya kipande cha ukuta. Nguvu yake ya kurusha ni 50 lakini hufika kigae kimoja tu, hivyo adui atakuwa ubavuni mwake daima na kikosi hicho kitaihitaji ile +4.