Maswali ya Wasomaji: Wape Rafu, Siyo Semina

Swali: Ndugu wahariri, mimi ni mfamasia mfawidhi katika hospitali ya mkoa. Kila mwaka tunapokea wafamasia watarajali. Wakimaliza, wengi wanajua kutoa dawa na kumwelekeza mgonjwa vizuri sana, ila ukiwaachia stoo wiki moja tu, hesabu zinavurugika. Nianzie wapi kuwafundisha? *Mfamasia, Mtwara*

Jibu: Kosa liko kwenye ratiba. Mtarajali anakaa dirishani miezi chungu nzima, kisha stoo anapitishwa kama mgeni anayeonyeshwa vyumba. Mkabidhi bidhaa kumi ziwe zake kwa miezi mitatu. Chagua zile zinazokwenda mbio kama parasetamoli na dripu za Ringer, mbili za friji, moja ya kufungiwa kwa funguo mbili kama mofini, na moja ambayo haitembei kabisa. Apokee, apange, atoe, aandike na aandae oda yake mwenyewe. Wewe unakagua na kutia saini.

Kila Ijumaa ahesabu bidhaa mbili, na ahesabu kabla ya kuangalia kadi. Ukianza na kadi, macho yanatafuta namba iliyoandikwa na mara nyingi yanaipata. Kisha alinganishe vitu vitatu: kilichoko rafuni, kilichoko kwenye kadi ya stoo, na kilichoko kwenye kompyuta. Visipolingana, aeleze kwa nini, kwa maandishi. Kuandika tu “marekebisho” kwenye kadi usikubali.

Sababu huwa ni zilezile. Wodi imechukua usiku bila fomu. Kilichoazimwa hospitali jirani hakikuandikwa. Nyingine, ambayo wengi hawaioni, ni kipimo cha kuhesabia: kopo au kidonge. Stoo ina makopo 14 ya vidonge 1,000, na kompyuta inasoma vidonge 14,000. Dirisha linapewa makopo 2, aliyeingiza anaandika “2”, kompyuta inapunguza vidonge viwili. Rafuni yamebaki makopo 12, kompyuta inasoma 13,998. Oda inayofuata ikitegemea namba hiyo, mtaagiza pungufu. Mtarajali akishaikamata hitilafu ya namna hii kwa mkono wake mara moja, hatahitaji somo jingine la kipimo.

Mzigo wa Bohari ya Dawa ukifika, awepo mlangoni. Afungue maboksi, asome namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda kwenye kila toleo, alinganishe na hati ya makabidhiano, ndipo asaini. Upungufu uandikwe kwenye hati hiyo siku hiyohiyo, gari likiwa bado lipo uwanjani. Na wakati wa kupanga, kinachoisha muda mapema kikae mbele, hata kama kiliingia jana.

Baadaye, mwezi wa nne hivi, mpe orodha ya manunuzi ya mwaka mzima aipange kuanzia bidhaa iliyokula fedha nyingi. Ataona bidhaa chache tu, mara nyingi chini ya moja kwa tano ya orodha, zimemeza sehemu kubwa ya bajeti. Pembeni aweke alama: V kwa ya kuokoa maisha, E kwa ya muhimu, N kwa ile ambayo hospitali inaweza kuishi bila hiyo. Iliyomeza fedha nyingi na ina alama ya N aipeleke yeye mwenyewe kwenye Kamati ya Dawa na Tiba, aitetee hoja yake mbele ya madaktari. Hapo ndipo utamjua.

Swali: Tuliagiza seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, kwa kufuata kabisa wastani wa matumizi wa miezi mitatu, lakini iliisha kabla ya wakati. Tulikosea wapi? *Mtarajali, Singida*

Jibu: Bila shaka mligawanya kwa tatu. Tuseme Julai mlitoa vichupa 900, Agosti 300, Septemba 600. Jumla 1,800, ukigawanya kwa 3 unapata 600 kwa mwezi. Lakini tazama kadi: Agosti rafu ilikuwa tupu siku 20, na Septemba siku 10. Hizo ni siku 30, yaani mwezi mzima ambao hamkuwa na cha kutoa. Gawanya kwa 2, siyo 3. Wastani halisi ni 900.

Kama kiwango chenu cha juu cha akiba ni miezi minne na mkononi mna vichupa 450, oda sahihi ni 900 mara 4, yaani 3,600, toa 450, sawa na 3,150. Ninyi kwa wastani wa 600 mliagiza 2,400 toa 450, yaani 1,950. Pengo ni vichupa 1,200, sawa na siku 40 za matumizi.

Tahadhari mbili. Dawa ikikosekana zaidi ya nusu ya kipindi, wastani huo haufai hata ukiurekebisha. Rudi nyuma hadi kipindi ambacho dawa ilikuwepo, au hesabu kwa idadi ya wagonjwa. Pili, kilichotoka stoo siyo lazima kiwe kimetumika. Pita wodini ufungue makabati: wauguzi waliowahi kukosa dawa huficha akiba, na hatuwalaumu.

Bohari ikithibitisha haina, ombeni uthibitisho huo kwa maandishi mapema ndipo muende kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuuzia vituo vya mkoa kile ambacho Bohari haina. Utaratibu huo ulianza kwa majaribio Dodoma mwaka 2014, na bado kuna vituo vinavyokwama kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Swali: Umeme ukikatika, oksitosini na insulini tuzifanyeje? *Mteknolojia wa dawa, Kigoma*

Jibu: Usifungue friji. Andika saa umeme ulipokatika na nyuzijoto zilizosomeka. Zinatakiwa kati ya 2 na 8. Chupa za maji zilizojazwa kwenye nafasi tupu husaidia kushikilia baridi. Zikikaribia 8, hamishia kwenye kisanduku baridi, ila dawa zisigusane na barafu, kwa kuwa insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, ikipigwa joto nayo haibadiliki rangi. Utaijua imeshindwa mama akiwa anavuja damu. Kwa hiyo soma kipimajoto asubuhi na jioni, wikiendi pia.

Swali: Dawa zilizoisha muda tunaweza kuzichoma kwenye shimo letu? *Msomaji, Tabora*

Jibu: Hapana. Zitenge, zifungie, ziondoe kwenye leja, kisha andaa orodha yenye jina, toleo, idadi na thamani. Omba kibali TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mkaguzi atahakiki na uteketezaji utasimamiwa. Nakala ya hati ya uteketezaji ibaki stoo, mkaguzi wa hesabu ataiulizia.