Wengi ni wangapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ni msomaji wako wa Morogoro. Mimi na wenzangu tunaandaa kipeperushi cha kueleza kwa nini mfumo wetu wa kuchagua wabunge ubadilishwe, ili viti vya Bunge vigawanywe kulingana na kura za kila chama. Tumekwama kwenye jina la huo mfumo tunaoutaka. Wapo wanaosema "uwakilishi wa uwiano", wapo wanaosema "uwakilishi sawia", na mwenzetu mmoja aliyesoma sana hataki kusikia jingine ila "uwakilishi wa kiuwiano". Lipi sahihi? Nakuwekea na sentensi yetu ya kwanza uione: "Katika mfumo wa sasa wa wengi wape, mbunge huchaguliwa na wananchi walio wengi jimboni, na sauti ya wachache haisikiki."

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako ni jepesi, nami nitalijibu haraka. Sentensi yako ya kwanza ndiyo iliyonifanya niache chai ipoe.

Andikeni "uwakilishi wa uwiano". Uwiano umetokana na kuwiana, na kuwiana kumetokana na -wia, ile ile tunayoisikia katika "niwie radhi" na "imeniwia vigumu". Vitu vinavyowiana ni vile ambavyo kimoja kimekuwa kwa kadiri ya kingine: kikiongezeka hiki, na kile kinaongezeka kwa kiasi chake. Hiyo ndiyo maana mnayoitafuta.

"Sawia" haifai. Wazee wetu walisema "akaondoka sawia" wakiwa na maana kwamba aliondoka papo hapo. Siku hizi, hasa kwa jirani zetu wa Kenya, "sawia na" imekuwa ni "sawa na", na mimi sina ugomvi nao. Lakini usawa si uwiano. Chama kilichopata kura 40 katika kila 100 na chama kilichopata 10 vikipewa viti sawa, usawa upo na dhuluma ipo. Uwiano humpa wa 40 arobaini zake na wa 10 kumi zake. Hata ile kaulimbiu ya Kenya ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja" ni madai ya usawa, yaani uzito wa kura ya jimbo lenye watu wengi na la watu wachache, na fedha zinazofuata vichwa vya watu. Ni ugomvi mwingine kabisa, usiingizwe kwenye kipeperushi chenu kwa mlango wa "sawia".

Na huyo mwenzenu aliyesoma sana, mpelekeeni salamu zangu. Mchuzi wa nazi ni mchuzi wa nazi. Akiniletea "mchuzi wa kinazi" nitamuuliza nazi yenyewe iko wapi. "Wa" umekwisha kufanya kazi ya kuunganisha, na uwiano ni nomino kamili, haina haja ya kuvalishwa "ki-" ili ionekane imetoka chuo kikuu.

Basi, tuje kwenye "wananchi walio wengi".

Nimelipigia kelele jambo hili miaka mingi, na wasomaji wangu wa zamani wanaweza kwenda kunawa mikono wakarudi nikiwa nimemaliza. Kivumishi "-ingi" hakina kipimo. Watu wengi walikuja arusini: huenda walikuwa mia, huenda elfu, huenda walikuwa arobaini na ukumbi ulikuwa mdogo. Ukiongeza "walio", hapo umewagawa watu mafungu mawili, walio wengi na walio wachache, na hilo fungu la kwanza halina budi kuzidi nusu. Ukisema "nyingi kuliko", umelinganisha fungu moja na jingine tu, nusu hujaitaja wala haikuhusu. Haya ni mambo matatu. Kiswahili kimeyatenga bila kutuomba ada. Sisi, kila baada ya uchaguzi, tunayakoroga kwenye sufuria moja, kisha mtangazaji anatupakulia: "Ameshinda kwa kuchaguliwa na wananchi walio wengi."

Mfano wangu ni ule ule. Desemba 1992 Wakenya walipiga kura ya vyama vingi, na Daniel arap Moi akashinda urais kwa kura 36 hivi katika kila 100. Kenneth Matiba alipata 26, Mwai Kibaki karibu 20, Jaramogi Oginga Odinga 17, na wagombea wadogo wakagawana makombo. Mpaka leo nasoma kwamba mwaka ule "Wakenya walio wengi walimchagua Moi".

Sasa tuwapange. Wakenya wanaujua mlolongo: katika mchujo wa wagombea wa KANU, chama tawala cha wakati ule, mwaka 1988 hapakuwa na sanduku la siri, wapiga kura walisimama mstari nyuma ya mgombea wao wakahesabiwa mchana kweupe. Chukua wapiga kura 100 wa mwaka 1992, wapeleke uwanjani, wapange vivyo hivyo. Nyuma ya Moi wamesimama 36. Nyuma ya Matiba 26. Nyuma ya Kibaki 20. Nyuma ya Jaramogi 17. Mmoja aliyebaki amesimama peke yake na mgombea ambaye hata jirani zake hawamkumbuki. Panda juu ya meza utazame. Mlolongo wa Moi ni mrefu kuliko mingine? Ndiyo. Walio wengi uwanjani wamo ndani yake? Hawamo. Walio wengi ni hao 64 waliompa mgongo, ila wamejipanga milolongo mbalimbali. Kila mmoja aliyepo uwanjani anaona hivyo, isipokuwa mwandishi wa habari.

Nijaribiwe na sentensi nyingine: "Wakenya wengi walimchagua Moi." Hiyo ni kweli. Kura zake zilikaribia milioni mbili, na watu milioni mbili ni wengi popote. Lakini "Wakenya wengi walimkataa Moi" nayo ni kweli, tena kwa kishindo zaidi. Sentensi ambayo ni kweli pamoja na kinyume chake haimwambii msomaji chochote, ni wino tu. Iliyo sahihi ni moja: Moi alipata kura nyingi kuliko kila mgombea mwingine. Sheria ya wakati ule haikumdai zaidi ya hapo, ukiacha kiti cha ubunge na robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, na vyote alikuwa navyo. Kosa la lugha si lake. Ni letu.

Watunga sheria, ambao kwa kawaida siwasifu, hapa wametushinda. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Sisi Tanzania tulikwenda njia ya pili: mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliiondoa nusu, na sasa ibara ya 41 inamtangaza rais yule aliyepata kura nyingi zaidi kuliko mgombea mwingine yeyote. Uamuzi wenyewe upende au uuchukie. Kiswahili chake hakina doa. "Nyingi zaidi kuliko" imekaa pale pale, kila neno linajua kazi yake, na aliyeiandika hakudanganya kwamba walio wengi watakuwa wamempenda mshindi.

Na sasa "wengi wape". Najua si ninyi mlioanza, wapo wanaouita hivyo mfumo mzima wa mshindi kuchukua jimbo. Lakini hebu itazameni methali mnayoichezea. Imesema wengi wapewe. Katika jimbo ambalo mshindi ana kura 36 kwa 100, aliyepewa ni nani? Wengi wamenyimwa, tena wamenyimwa kwa methali yao wenyewe. Kama ni lazima mfumo huo upewe jina la kimethali, uiteni "mlolongo mrefu upe", nami nitanyamaza.

Hata pale ambapo wengi ni wengi kweli, methali ina mpaka. Mwaka 1998 nchini Lesotho chama cha LCD kilipata karibu kura 61 katika kila 100. Hao ni walio wengi, saini yangu naweka. Viti je? Kilipata 79 kati ya 80. Waliobaki, karibu watu 40 katika kila 100, waliachiwa kiti kimoja wagawane. Methali ilisema wengi wape, haikusema wape vyote. Maandamano yakafuata, jeshi likaasi, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia mwezi Septemba, na sehemu ya mji wa Maseru ikateketea. Baadaye Wabasotho wakakaa chini, wakaacha wabunge 80 wa majimbo, wakaongeza viti 40 vya kufidia wale ambao kura zao hazikuzaa viti vya kutosha, na uchaguzi wa mwaka 2002 ukafanyika kwa utaratibu huo. Wanasiasa, kwa kuwa ni wanasiasa, walishagundua namna ya kuuchezea ilipofika 2007. Lakini hilo halimo katika somo langu.

Mnaona sasa kwa nini sentensi yenu imeniudhi? Mmeandika kwamba mbunge huchaguliwa na walio wengi na kwamba wasiosikika ni wachache. Mzee wa kijiji akiisoma atawajibu: "Basi si ndiyo demokrasia hiyo? Mnalia nini?" Na atakuwa na haki. Mmemkabidhi mpinzani wenu hoja yenu yote, mkamfungia na kamba. Madai ya uwiano yana nguvu kwa sababu wasiosikika mara nyingi si wachache. Uingereza, Julai 2024: chama cha Labour kilipata karibu kura 34 katika kila 100 na viti 411 kati ya 650. Reform UK walipata kura 14 kwa 100 na viti 5. Liberal Democrats walipata kura 12, yaani chache kuliko hao Reform, na viti 72. Kila mpiga kura mmoja wa Labour alikuwa na wenzake karibu wawili waliochagua wengine. Waiteni "wachache" kama mna ujasiri.

Siwakatazi kabisa kuandika "walio wengi". New Zealand mwaka 1993 walifanya kura ya maoni kuhusu jambo hili hili, na karibu 54 katika kila 100 wakachagua mfumo mpya wa uwiano. Hapo andikeni "walio wengi", tena kwa herufi nene.

Nirudi kwa uwiano, kwa kuwa una sharti moja ambalo vipeperushi hulisahau: hauwi wa kitu kimoja. Uwiano ni wa nini na nini? Msiposema, mtadanganywa. Kwetu, viti maalum vya wanawake hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge, kwa uwiano wa kura hizo. Kwa hiyo msiwaambie watu kwamba uwiano ni kitu kigeni, upo Dodoma umekaa. Kenya nako viti vya orodha za vyama vimewekewa uwiano katika ibara ya 90 ya Katiba, lakini ni uwiano wa viti ambavyo chama kimeshinda, si wa kura. Chama kilichopata kura nyingi zilizotawanyika na kisishinde jimbo hata moja hakipati kitu huko, na bado sheria inasema uwiano, na haikukosea. Afrika Kusini uwiano ni wa kura na viti moja kwa moja: mwaka 2024 ANC walipata kura 40 kwa 100 na viti 159 kati ya 400. Kwa hiyo ndani ya kipeperushi andikeni kwa ukamilifu, "viti kwa uwiano wa kura". Hata anayesoma amesimama kituo cha daladala ataelewa.

Jambo dogo. Mkitaka kuzitaja kura za walioshindwa ambazo hazikuleta kiti, msiziite "kura zilizoharibika". Kura iliyoharibika ni ile iliyotiwa alama mbili au kuchorwa matusi, na Tume huihesabu peke yake. Ya kwenu ni kura halali isiyozaa kiti. Semeni "kura zilizopotea bure", au tafuteni jingine, ila msimtukane mtu aliyeweka alama yake vizuri.

Sentensi yenu nimeiandika upya, mkiitaka ni yenu: "Katika mfumo wa sasa, kiti cha jimbo huchukuliwa na mgombea mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata kama wapiga kura walio wengi walimkataa." Imekuwa ndefu kidogo. Karatasi mnanunua wenyewe, punguzeni picha.

Na kabla hamjaniandikia tena: "mpiga kura" au "mpigakura", maneno mawili au moja, andikeni mnavyotaka. Nimechoka na ugomvi huo. Ila msiandike yote mawili kwenye ukurasa mmoja.