Kapteni Anajibu: Mkataba wa Ghuba Usomwe Kuanzia Nyuma

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni kapteni wa ATR 72, ndege ya abiria ya mapangaboi, hapa nyumbani, nina umri wa miaka 36 na saa 5,200 za kuruka. Shirika moja la Falme za Kiarabu limeniletea barua ya ajira ya rubani msaidizi katika ndege kubwa ya jeti, kwa mshahara unaokaribia mara tatu ya huu ninaoupata. Nina mke na watoto wawili. Wazee wangu wanasema niende bila kufikiri mara mbili, lakini wapo wenzangu waliorudi kutoka huko mwaka 2020 mikono mitupu. Niangalie nini kabla sijatia saini?
Rubani wa Kipawa, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wazee wako wameuona mshahara na wenzako wameuona mwisho wa mkataba. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja ameshika ukurasa wake. Mimi nilipotia saini mkataba wangu wa kwanza wa Ghuba niliusoma kama wanavyousoma wengi: nilianza na jedwali la malipo, nikapitisha macho kwenye likizo na tiketi za familia, na nilipofika kwenye vifungu vya kuvunja mkataba nilikuwa nimeshachoka, nikaamini kwamba yaliyobaki ni maneno ya wanasheria. Wako ufungue kwa ukurasa wa mwisho.

Sababu ni kwamba kule kibali cha kuishi kimefungwa kwenye ajira. Siku ajira inapokoma, kibali chako hufutwa, na vya mkeo na watoto hufuata kwa kuwa vimetundikwa kwenye chako. Sheria humwachia mtu muda wa kujipanga, ambao kwa kanuni za sasa ni kati ya siku 30 na 180 kutegemea aina ya kibali, na ndani ya siku hizo unapaswa kuuza gari, kuwatoa watoto shuleni, kuvunja mkataba wa nyumba na kumaliza madeni. Madeni ndiyo mtego wenyewe, maana benki za huko humkopesha rubani kwa urahisi unaotisha, na mdaiwa anaweza kuzuiwa kutoka nchini mpaka alipe au apatane na anayemdai. Mwaka 2020, ndege zilipoegeshwa kwa sababu ya UVIKO-19 na mashirika ya Ghuba yakawaachisha kazi marubani wengi, niliwapokea nyumbani kwangu vijana kadhaa waliorudi. Waliokuwa na utulivu ni wale ambao hawakudaiwa na mtu, hata kama mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wenzao.

Baada ya hapo tafuta kifungu cha kiinua mgongo. Kwa sheria ya ajira ya Falme za Kiarabu iliyoanza kutumika Februari 2022, mfanyakazi wa kigeni aliyetimiza angalau mwaka mmoja hulipwa mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, mradi jumla isizidi mshahara wa miaka miwili. Kinachohesabiwa ni mshahara wa msingi peke yake, bila posho ya nyumba wala ya safari, na mashirika mengi hupenda kuufanya msingi uwe mdogo na marupurupu yawe manono. Chukua mfano wa msingi wa dirhamu 20,000 kwa mwezi. Siku 21 ni dirhamu 14,000, kwa hiyo miaka 5 inakupa 70,000. Ukiongeza miaka 3 ya dirhamu 20,000 kila mmoja, miaka 8 ya ujana wako itakuwa na kiinua mgongo cha dirhamu 130,000, yaani dola 35,000 na ushei za Kimarekani. Fedha hiyo si haba, lakini haiwezi kuitwa pensheni. Baadhi ya mashirika yana mfuko wa akiba ambao mwajiri na rubani huuchangia pamoja. Uliza kama upo, na uliza unaruhusiwa kuondoka na sehemu gani ya mchango wa mwajiri baada ya miaka mingapi. Hakuna kodi ya mapato kwenye mshahara huko, ni kweli, lakini ukumbuke kwamba hakuna pia atakayekuwekea chochote cha uzeeni usipojiwekea mwenyewe.

Kifungu cha tatu ni deni la mafunzo. Wewe unatoka kwenye ndege ya mapangaboi yenye uzito usiozidi tani 23 wakati wa kuruka, unakwenda kwenye jeti ambayo, ikiwa ni Boeing 777-300ER, hufikia tani 351. Kukufundisha aina hiyo ya ndege ni gharama kubwa, na mwajiri hukufunga kwa miaka kadhaa ili asikulipie kisha ukaenda kwa jirani. Hilo ni haki yake. Unachopaswa kukitazama ni kama deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, na nani hulibeba iwapo utashindwa mtihani wa simuleta, yaani mtambo wa kuigiza urukaji, ukipoteza cheti cha afya, au wakikupunguza wao wenyewe. Mwajiri wangu mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa na kifungu cha miaka mitatu kisichopungua hata senti: aliyeondoka mwezi wa 35 alidaiwa sawasawa na aliyeondoka mwezi wa pili. Mimi niliondoka mwezi wa 31 kwenda kumuuguza mama, na kiinua mgongo changu chote kikaishia humo. Kifungu chenyewe kilikuwa na mistari minne tu, na ningekisoma kwa dakika moja.

Sasa habari ya mistari ya begani. Wewe ni kapteni mwenye mistari minne na unakwenda kuvaa mitatu. Mashirika mengi makubwa hupandisha watu kwa orodha ya ukongwe, na katika orodha hiyo utakuwa wa mwisho siku utakayofika, hata kama anayekaa kiti cha kushoto, kile cha kapteni, ulimfundisha wewe kutua Songea wakati wa masika. Usiniambie kwamba hilo halitakuuma, kwa sababu liliniuma mimi. Lakini una miaka 36, na kikomo cha kimataifa kwa ndege za abiria zenye marubani wawili ni miaka 65, hivyo muda wa kungoja unao. Angekuwa mwenzako wa miaka 54 ningempa jibu tofauti kabisa.

Kuhusu leseni, wengi hudhani kwamba leseni ya Tanzania itakwenda nao na kufanya kazi popote. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, katika ibara ya 32, unataka rubani awe na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na nchi ilikosajiliwa ndege, kwa hiyo utapaswa kupata leseni ya huko, na mamlaka yao itaiandikia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kuuliza kama yako ni halali, ina vikwazo gani, na kama umewahi kuadhibiwa. Fuatilia barua hiyo mwenyewe, kwa adabu lakini kila wiki, kwa sababu nimeona ajira zikisogezwa miezi miwili kwa kungoja karatasi moja. Angalia pia daraja lako la Kiingereza cha anga, kile cha mawasiliano ya redio: mwenye daraja la 4 kwa kawaida hupimwa tena kila baada ya miaka 3, na tarehe hiyo isikudondokee katikati ya mafunzo. Kisha, ukiwa huko, usiiache leseni ya nyumbani ife. Kuihuisha kila unapokuja likizo ni usumbufu mdogo ukilinganisha na kurudi ukiwa na saa 12,000 na kuanza kukaa mitihani na vijana wa miaka 22.

Maisha yenyewe nitayasema kwa kifupi, kwani utayaona. Vituo vya Ghuba vimejengwa kuunganisha abiria wa Asia, Ulaya na Afrika, na sehemu kubwa ya safari huondoka kati ya saa nane usiku na alfajiri. Kikomo kinachotumika kwingi ni saa 100 za kuruka ndani ya siku 28 na saa 900 kwa mwaka, na kule utavikaribia vyote viwili, ilhali hapa nyumbani pengine hujawahi kuvifikiria. Nunua mapazia mazito kabla ya kununua televisheni. Dawa nazo uzichunguze kabla ya kufunga mizigo: zenye kodini au tramadoli, ambazo hapa mtu huzichukulia kuwa za maumivu tu, kule zinadhibitiwa vikali na zinaweza kukuingiza matatani uwanjani, mbali na kukuharibia cheti cha afya.

Je, uende? Kama deni la mafunzo linapungua kila mwezi, na kama wewe na mkeo mtakubaliana kuishi miaka miwili ya mwanzo bila mkopo hata wa gari, mimi ningekwenda.

SWALI: Kapteni, mume wangu ni rubani na ameanza kazi Abu Dhabi. Anataka mimi na wanetu tumfuate mwezi wa Agosti. Mimi ni muuguzi wa hospitali ya umma na naogopa kuacha kazi yangu nikae nyumbani. Je, mke anaruhusiwa kufanya kazi huko?
Mama Wawili, Mombasa

JIBU: Anaruhusiwa, dada yangu. Kibali chako cha kuishi kitakuwa chini ya mumeo, na mwajiri atakayekuchukua atakuombea kibali cha kazi. Kwa muuguzi, hata hivyo, kuna mlango mwingine: lazima upate leseni ya mamlaka ya afya ya Abu Dhabi, na kabla ya hapo vyeti vyako huhakikiwa moja kwa moja na chuo ulichosoma, baraza la wauguzi na waajiri wako wa zamani. Uhakiki huo uanze ukiwa bado Mombasa, ambako unaweza kwenda mwenyewe kumwamsha karani aliyelalia faili lako. Usijiuzulu kwanza. Omba likizo bila malipo ukiweza kuipata, uende ukaione hali kwa mwaka mmoja.

Jambo linalowakwamisha wengi kutoka pwani yetu ni majina. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinapaswa kugongwa muhuri na Wizara ya Mambo ya Nje kisha na ubalozi wa Falme za Kiarabu, na afisa wa uhamiaji wa kule hatakubali kwamba Mohamed wa pasipoti na Muhammad wa cheti ni mtu mmoja, hata kama Mombasa nzima inamjua. Rekebisheni herufi hizo sasa. Agosti ni mwezi mzuri kwa watoto, kwa sababu shule nyingi zenye mtaala wa Uingereza hufungua mwaka wa masomo mwishoni mwa mwezi huo, lakini zile zenye mtaala wa India huanza Aprili, kwa hiyo mwulize mumeo ameandikisha wapi, na amwulize mwajiri kama posho ya shule inalipwa kwa watoto wote au kwa idadi fulani tu.

SWALI: Nimemaliza mafunzo na nina leseni ya rubani wa kibiashara na saa 210 za kuruka. Wakala mmoja ananidai dola 3,000 ili anitafutie kazi ya urubani Ghuba. Nimlipe?
Kijana wa Arusha

JIBU: Usimlipe. Sheria ya Falme za Kiarabu inakataza kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, na kwa saa 210 hakuna shirika kubwa litakalokuweka kwenye kiti kwa sababu ya wakala. Uko Arusha, mji ambao ndege ndogo za watalii huruka kila asubuhi kwenda Serengeti. Kapige hodi huko, uanze na Caravan, ndege ndogo ya injini moja, ukusanye saa 1,500 zinazohitajika kwa leseni ya juu ya rubani wa mashirika ya ndege. Daftari lako la saa lisainiwe na rubani mkuu kila mwezi, na kila unapobadilisha kampuni hakikisha limegongwa muhuri kabla hujakabidhi kitambulisho, kwa sababu kampuni ndogo hufa, na atakayekuja kukuuliza saa zako miaka sita baadaye hatampata mtu wa kumpigia simu.