Muulize Mkunga: Homa, ubavu unauma, na mimba imeshakuwa kubwa

SWALI
Shikamoo dada mkunga. Naomba unisaidie fasta maana hapa nilipo sielewi nishike lipi niache lipi. Nina mimba ya wiki 34, ya pili hii. Ilianza na kukojoa kila mara, tena mkojo kidogo halafu mwishoni unachoma, nikasema ah, mimba kubwa ndo zilivyo. Baadae yakaja maumivu ya ubavu wa kulia kwa nyuma, chini ya mbavu, na jana usiku nimetetemeka baridi mpaka meno yanagongana halafu nikaloa jasho chapachapa. Asubuhi nimeenda kituo cha afya, aliyenipokea hata kunigusa hajanigusa, kipimo hamna, ananiambia mama huo ni uzito wa mtoto, kapumzike, rudi tarehe yako ya kliniki. Nikapita duka la dawa wakanipa ciprofloxacin na diclofenac ya maumivu, sijameza bado. Mama mkwe anasema nisimeze chochote dawa zinaharibu mtoto, mume wangu anasema meza upone. Mtoto anacheza ila naona kama kapunguza. Na pale kituoni naogopa kurudi wataniona msumbufu.
Mjamzito mwenye mawazo

JIBU
Marahaba mdogo wangu. Barua yako ilipofika hatukuisubirishia toleo, nilikupigia nikakwambia beba kadi yako uende hospitali yenye wodi ya wazazi usiku uleule, usisubiri kukuche. Hapa naijibu kwa urefu kwa ajili ya wenzako, maana barua za namna hii tunazipata sana na karibu zote zina hayo hayo maneno, ni uzito wa mtoto.

Uzito wa mtoto unauma kweli, nani anabisha. Mgongo unauma, nyonga zinaachia, kukojoa ndo usiseme. Lakini uzito wa mtoto hauleti homa wala haumtetemeshi mtu usiku. Joto likifika 38 huyo ni mgonjwa mpaka vipimo viseme vingine, hata kama kaja kwa miguu yake na kavaa vizuri na anaongea. Na ukiona homa, kutetemeka, ubavu kuuma na mkojo kuchoma vyote kwa mtu mmoja, cha kwanza cha kufikiria ni UTI, yani maambukizi ya njia ya mkojo, iliyopanda mpaka kwenye figo. Hiyo kwa mjamzito siyo ya vidonge vya kumeza nyumbani, ni ya kulazwa.

Inapandaje? Homoni za mimba zinalegeza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, halafu mfuko wa uzazi nao unaikandamiza, kwa hiyo mkojo hauteremki kwa kasi yake, unatuama kama maji ya mtaro ulioziba, na bakteria wanapenda sana hapo. Wengi wao ni E. coli, wale wa kawaida wa kwenye utumbo, hivyo mtu asikutazame kama umefanya uchafu fulani. Na upande wa kulia ndo unaumia mara nyingi zaidi kwa sababu mfuko wa uzazi ukikua huwa unaegemea huko, yani ulivyoeleza ni kama umesoma kitabu. Hatari zake ni mbili kubwa. Uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati ukajifungua njiti, na bakteria wanaweza kuingia kwenye damu, hapo sasa mama anaweza kwenda ndani ya saa chache, presha inashuka, anapumua haraka haraka, anaanza kuchanganya maneno. Duniani takriban kifo kimoja kati ya kila vifo 10 vya uzazi kinatokana na maambukizi. Ndo maana nilikupigia.

Ukifika hospitali mambo yanayotakiwa kufanyika ni haya, na una haki ya kuuliza kama hayajafanyika: kupimwa joto, presha, mapigo ya moyo na upumuaji, kusikilizwa mapigo ya moyo ya mtoto, kuangaliwa kama tumbo linakaza kwa vipindi, kupimwa damu, na mkojo. Malaria nayo ipimwe kama unaishi au umetoka sehemu yenye malaria, ila malaria ikionekana isiwe sababu ya kuacha kupima mkojo, vyote viwili vinaweza kuwa kwa mtu mmoja. Mkojo wenyewe ni ule wa katikati, unajisafisha, unaacha wa mwanzo uende chooni ndo unakinga, na chukua kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki ikiwezekana. Kile kijiti cha kuchovya kinatoa picha ya haraka tu, kinachosema ni bakteria gani na anakufa kwa dawa ipi ni kuotesha mkojo maabara, na majibu yake yanachukua siku mbili tatu hivi. Sasa wengine wanasikia siku tatu wanarudi nyumbani kusubiri majibu, hapana, ukiwa na homa dawa inaanza saa hiyohiyo, majibu yakija ndo inabadilishwa kama haifai. Dawa yenyewe mwanzoni ni ya mshipa, mara nyingi ceftriaxone, pamoja na dripu, na ukikaa siku moja au mbili bila homa unahamishiwa vidonge mpaka zifike siku 10 hadi 14 kwa jumla.

Hapa kwenye kusema ndo wengi tunaangukia. Mtu anafika mapokezi anasema mgongo unauma na sijisikii vizuri, mhudumu ana foleni mpaka nje, anasikia mgongo na anaona tumbo, kwisha habari. Sitetei, kumrudisha mjamzito bila hata kumpima joto ni kosa na halina jina lingine. Ila wewe anza na yale mazito: nina mimba ya wiki 34, nina homa, nimetetemeka usiku, ubavu unauma, mkojo unachoma, mtoto kapunguza kucheza. Kwa mpangilio huo huo, usianze na mgongo. Kama umemeza parasetamo saa chache kabla, sema, kwa sababu inashusha joto, kipimo kitasoma 37 utaambiwa huna homa wakati dawa ndo imeificha. Taja dawa zote ulizomeza na kama una aleji ya penisilini. Wakikurudisha bila vipimo omba kwa adabu kumwona daktari au mkunga kiongozi, omba waandike kwenye kadi yako kwamba umekuja na homa na hujapimwa, utashangaa kalamu inavyobadilisha mambo. Ikishindikana nenda hospitali nyingine. Mume wako aende na wewe, akuongelee ukiwa umeishiwa nguvu. Na kuonekana msumbufu mdogo wangu wala kusikuumize kichwa, wakuone hivyo tu.

Hilo la mtoto kupunguza kucheza lenyewe peke yake, hata usingekuwa na homa, ni la kwenda siku hiyohiyo. Siyo kulala uone kesho.

Tuje kwenye dawa. Mama mkwe na mume wako kila mmoja ana nusu ya ukweli. Mama mkwe kapatia kwamba zile ulizouziwa usimeze: ciprofloxacin kwa mjamzito huwa tunaikwepa, na diclofenac pamoja na ndugu zake kama ibuprofen hazifai mimba ikishakuwa kubwa, zinaweza kubana mshipa wa damu wa karibu na moyo wa mtoto kabla hajazaliwa na kupunguza maji yaliyomzunguka. Doxycycline nayo hapana, inaharibu meno na mifupa ya mtoto. Lakini akisema usimeze chochote hapo amekosea, kwa sababu ugonjwa wenyewe ndo unaomdhuru mtoto kuliko dawa sahihi. Zipo nyingi za kutumia salama, amoxicillin, cephalexin na nyinginezo, ambazo wajawazito wanatumia miaka na miaka, na kwa homa na maumivu kuna parasetamo. Anayechagua ni mtu aliyekupima, siyo wa kaunta. Kunywa maji mengi ni vizuri ila maji hayatibu figo, nasema hivi maana najua kuna mtu ataniandikia.

Ukitoka hospitali maliza dozi yote hata kama siku ya tatu unajisikia mzima wa afya. Wiki moja au mbili baada ya dozi mkojo uoteshwe tena kuhakikisha wameisha kweli, kwa sababu hii kitu inapenda kurudi, wengine hupewa dozi ndogo ya kila siku mpaka wajifungue. Homa ikirudi, tumbo likianza kukaza kwa mpangilio, chupa ikipasuka, damu ikitoka au ukitapika kiasi kwamba vidonge havikai, unarudi bila kupiga simu kwa mtu yeyote.

SWALI
Habari mkunga, mimi niko wiki 36, siumwi popote, kliniki wamenipima mkojo wakasema una bakteria wakaniandikia antibayotiki. Sasa ninywe dawa ya nini wakati siumwi? Na kwenye majibu wameandika Streptococcus kundi B, ndo nini?
Mama wa kwanza

JIBU
Nzuri mama. Unywe. Mtu asiye na mimba akikutwa na bakteria kwenye mkojo bila dalili mara nyingi anaachwa, ila kwa mjamzito hatuachi, kwa sababu wasipotibiwa wanaweza kufika watatu kati ya kila 10 watakaoishia kwenye figo kama huyo mdogo wangu hapo juu. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya siku 7. Angalia tu wamekuandikia dawa gani, kama ni nitrofurantoin waulize tena, hiyo ni nzuri katikati ya mimba ila ukikaribia kujifungua tunaiweka pembeni maana inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mchanga. Zile zenye sulfa nazo mwishoni hivi hatuzipendi, zinaweza kumzidishia mtoto manjano.

Huyo Streptococcus kundi B ni bakteria anayeishi tu kwa wanawake wengi bila shida, siyo ugonjwa wa zinaa, ila wakati wa kujifungua anaweza kumpata mtoto akaumwa vibaya siku za mwanzo. Ukishaonekana naye kwenye mkojo mimba hii, hata ukimaliza dozi bado utahitaji penisilini ya mshipa uchungu ukianza, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa imeanza angalau saa 4 kabla mtoto hajatoka. Kwa hiyo usikae nyumbani na uchungu mpaka dakika ya mwisho kama mnavyopenda. Hakikisha imeandikwa kwenye kadi kwa herufi kubwa, na ukifika leba useme kwa mdomo pia, kadi huwa hazisomwi zote.

SWALI
Dada, wiki 38, natokwa na majimaji toka jana, siyo mengi, wifi anasema ni fangasi niweke dawa. Hayana harufu, uchungu hamna.

JIBU
Usiweke kitu. Fangasi ni uchafu mzito mweupe wa mabongemabonge na unawasha, tiba yake ni vidonge vya kuweka ukeni vya clotrimazole kwa wiki moja, na vile vya kumeza vya fluconazole mjamzito haviendi. Majimaji mepesi yanayoendelea kuchuruzika wewe hujabana wala hujakohoa, hayo hesabu kwamba chupa imepasuka mpaka uchunguzwe. Vaa pedi safi uone rangi na harufu, angalia saa yalipoanza, nenda leo. Chupa ikishapasuka mlango uko wazi, kila saa inayopita bakteria wana nafasi ya kupanda mpaka kwa mtoto, ndo maana wiki 38 mara nyingi wanakuanzishia uchungu kuliko kukuacha usubiri siku nyingi. Hakuna kujamiiana, hakuna kujisafisha kwa ndani. Pedi ikiwa ya kijani au ikinuka, au ukipata homa, au mtoto akitulia sana, hapo hata usimalizie kuoga. Wifi mwambie nimemsalimia.

SWALI
Shikamoo, mimi ni mume, mke wangu ana mimba ya miezi 8 kagundulika UTI. Na mimi nitibiwe?

JIBU
Marahaba shemeji, swali zuri na wanaume wachache wanaliuliza. UTI ya kawaida hapana, haukumwambukiza wala yeye hajakuambukiza, dawa zake mwachie amalize yeye asije akagawana na wewe zikawa nusu nusu. Ila kama wamekuta kaswende au trikomonasi, ambayo ni magonjwa ya zinaa, hapo mnatibiwa wote wawili, na mnasubiri mpaka mmalize kabla ya kukutana, bila hivyo unamrudishia. Kaswende hasa isicheleweshwe, sindano ya penisilini inatakiwa ianze angalau siku 30 kabla ya kujifungua ili mtoto ahesabiwe ametibiwa, na kwa miezi 8 hizo siku ndo hizi. Waulizeni walipima nini hasa, maana watu wanasema UTI kwa kila kitu cha huko chini, kisha mje na jina la ugonjwa kamili.