Umelipa vizuri miaka yote, sa mbona ofa anapewa mteja mpya?

Mtu akinambia benki iliyompa kadi ya mkopo inamthamini kwa sababu kila mwaka inamtumia imeili ya kumshukuru, huwa namuuliza tu, riba yako imeshuka? Ada ya mwaka je? Kama hakuna kilichoshuka basi hiyo asante ni ya bure.

Mi kadi yangu ya kwanza ninayo kitambo sana, bili nalipa yote kabla ya siku ya mwisho, sio kile kiasi cha chini wanachokiandika kwenye stetimenti ili ujione umemaliza kumbe ndo deni limeanza kuzaa. Alaf nikaja kuona tangazo lao la kadi ileile, ILEILE jamani, mteja mpya anapewa lundo la pointi za zawadi akitumia kiasi fulani miezi ya mwanzo na ada ya mwaka wa kwanza anasamehewa, na kule chini kwenye maandishi madogo wameandika wazi kabisa kwamba aliyewahi kuwa na kadi hii hahusiki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, haya sisi wa kitambo ndo tuko shambani tunalima!

Hasira zilipopoa nikaielewa hesabu yao, na ukiielewa hutasubiri tena kukumbukwa. Wenye kadi wanaingiza hela kwa njia kubwa tatu, riba ya wanaobakiza deni, ada na faini, na yale makato anayokatwa mfanyabiashara kila ukichanja kadi dukani. Anayelipa bili yote kila mwezi hatoi riba hata senti, anawaachia makato na ada tu. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya sehemu ya makato inayoenda kwa benki iliyotoa kadi ilifungiwa isizidi asilimia 0.3 mwaka 2015, kwa hiyo kule mlipaji mzuri ana faida ndogo zaidi kwao. Yani uaminifu wako maana yake hutawatia hasara, sio kwamba unawatajirisha. Na mtu aliyetulia miaka yote anaonekana haondoki, sa wamhonge wa nini?

Kwa hiyo uonekane unaweza kuondoka. Mwezi mmoja au miwili kabla ada ya mwaka haijakatwa piga simu kastama kea, waambie unafikiria kufunga kadi kwa sababu ada imezidi unachopata, na uulize kuna ofa gani ya kukubakiza. Benki nyingi kubwa zina watu maalum wa kazi hiyo, omba kuhamishiwa kwao. Usigombe. Yule dada au kaka anayepokea sio aliyepanga ada, anachokupa ni kile kilichotokea kwenye skrini yake, na ukimtukana hata hicho kidogo hatakitafuta. Mi mara ya kwanza niliambiwa hakuna kitu kwa sasa, nikashukuru nikakata, nikapiga siku nyingine akapokea mwingine kabisa na huyo akanisamehe ada, historia ileile, kadi ileile. Ndo maana simu moja sio jibu.

Ila kama kadi ni ya zamani usikimbilie kuifunga kwa hasira! Omba wakubadilishie iwe aina isiyo na ada, mara nyingi akaunti inabaki ileile na umri wake unabaki. Chukulia alama za FICO zinazotumika sana Marekani, zile wakopeshaji wanazoangalia kupima kama wewe ni mlipaji mzuri wa madeni, kulipa kwa wakati ni asilimia 35, kiasi unachodaiwa ni 30, urefu wa historia ni 15. Ukifunga kadi limiti yako ya jumla, yani kiwango cha juu unachoruhusiwa kukopa kwenye kadi zako zote, inashuka papo hapo, kwa hiyo deni lilelile dogo kwenye kadi zingine linaanza kuonekana kubwa na alama zinaweza kuporomoka bila wewe kukopa chochote. Halafu unakuta unaomba mkopo wa nyumba, afisa anakuangalia kama mtu aliyeanza kuyumba.

Na kuiweka droo miaka nayo ni tatizo, kadi isiyotumika wanaweza kuifunga wenyewe au kukata limiti. Kwenye msukosuko wa 2008 na tena 2020 benki zilipunguza limiti za watu wengi, hata wasiowahi kuchelewa, maana kwao limiti usiyoitumia ni hatari iliyokaa tu kwenye vitabu. Iwekee malipo madogo ya kila mwezi, ilipwe yenyewe kutoka akaunti yako, basi inabaki hai.

Kwa wanaobakiza deni stori ni tofauti kidogo, nyie msihangaike na pointi, ombeni riba ishuke, pointi haziwezi kuikuta riba hata siku moja. Sheria ya Marekani ya 2009 inataka benki itoe notisi ya siku 45 kabla ya kupandisha riba, na riba mpya kwa kawaida haigusi deni la zamani mpaka uwe umechelewa siku 60, pia ikishapandisha lazima iangalie upya walau kila miezi sita kama bado kuna sababu. Uliko kunaweza kuwa na sheria nyingine, uliza, maana wao hawatakupigia kukukumbusha. Na kama umechelewa mara moja tu katika miaka yote, omba faini ifutwe siku hiyohiyo, hapo ndo historia safi inafanya kazi kweli na wengi wanakubali bila maneno mengi.

Mwisho, kama umejaribu yote na bado unataka kuifunga, hakikisha salio ni sifuri, yale malipo ya kila mwezi umeyahamishia kadi nyingine, na pointi umezitumia KABLA hujapiga simu, kwa sababu kwenye programu nyingi za pointi akaunti ikifungwa zinapotea palepale na hakuna wa kukurudishia.