Chanjo ya mafua ilinilaza kitandani. Nichanjwe tena?

SWALI: Daktari, mwaka jana mwanzoni mwa majira ya baridi nilichomwa chanjo ya mafua. Siku ya nne nikashikwa na homa, kikohozi na maumivu ya mwili mzima, nikalala wiki nzima. Sasa baridi inakaribia tena. Mke wangu ana mimba ya miezi sita na mama yangu, mwenye kisukari, anaishi nasi. Nafikiria tuachane na chanjo, tutumie vitamini C na vidonge vya kuongeza kinga. Rafiki yangu ananiambia pia kuna sindano ya "kukata mafua" ukishaumwa. Unanishauri nini?

JIBU: Pole kwa wiki ile, ndugu yangu. Lakini chanjo haikuhusika, na nitalisema hili taratibu kwa sababu kila mwaka nalisikia, hata kwa watu waliosoma.

Virusi vilivyomo kwenye sindano ya mafua vimeuawa, kisha vikavunjwavunjwa. Aina nyingine ya sindano haina kirusi chochote, ina protini tu iliyotengenezwa maabara kwa mfano wa ile iliyo juu ya kirusi. Kilichokufa hakizaliani, na bila kuzaliana hakuna ugonjwa wa mafua. Ipo chanjo ya kupulizia puani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, lakini wewe ulichomwa sindano.

Sasa hesabu siku zako. Kirusi cha influenza, yaani yale mafua makali ambayo chanjo hii huyazuia, kikishaingia mwilini huchukua siku moja hadi nne kabla hujaanza kuumwa. Kingamwili zinazotokana na chanjo huchukua kama wiki mbili kujengeka. Aliyeugua siku ya nne, basi, ama alishaambukizwa kabla ya sindano, ama aliambukizwa siku zilezile ambazo kinga yake ilikuwa bado haijasimama. Huenda ilikuwa kwenye foleni ya chanjo yenyewe, maana na mwenye kikohozi naye huja kupanga foleni.

Inawezekana pia haikuwa influenza kabisa. Hapa lugha yetu inatuponza: mafua ni kamasi, mafua ni chafya, mafua ni ule ugonjwa unaomlaza mtu mzima mwenye nguvu asiweze hata kufika chooni bila kushika ukuta. Virusi vinavyoleta kamasi na kikohozi ni zaidi ya aina 200, na chanjo hii inazuia influenza peke yake. Influenza hukuangusha ghafla. Wagonjwa wengi hukumbuka hata saa ilipoanza. Mafua ya kawaida hukunyemelea: koo linawasha leo, kamasi kesho. Mtu akipata hayo ya pili baada ya kuchanjwa, anatangaza mtaa mzima kwamba chanjo haifai kitu.

Na jambo hili limepimwa. Watafiti wamewachoma watu wengine chanjo halisi na wengine maji ya chumvi, bila mchomwaji kujua amepata ipi. Homa na kikohozi vilitokea kwa pande zote mbili karibu sawa. Kilichotofautiana waziwazi ni maumivu ya mkono. Wapo wanaopata joto kidogo na uchovu kwa siku moja au mbili kinga inapoamka, na ndiyo gharama yote kwa karibu kila mtu.

Sitakudanganya kwamba chanjo hii haina kasoro. Msimu ambao imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Shirika la Afya Duniani hupendekeza aina za virusi za kuwekwa kwenye chanjo miezi mingi kabla: Februari kwa nchi za kaskazini mwa dunia, Septemba kwa za kusini. Katikati hapo kirusi kinaendelea kubadilika, ndiyo maana mtu huchanjwa kila mwaka. Hata anayeugua baada ya kuchanjwa, kwa kawaida huugua kwa wepesi zaidi.

Mkeo ndiye ningemtanguliza. Mimba hubana mapafu na kuuchosha moyo, na influenza ikimkuta mjamzito humwelemea. Apate sindano, si ya puani. Kinga yake itavuka hadi kwa mtoto, ambaye hataweza kuchanjwa mpaka afikishe miezi 6. Mama naye achanjwe. Influenza huvuruga sukari na hufungua njia ya nimonia. Kama ametimiza miaka 65, uliza kama ipo chanjo yenye dozi kubwa. Wewe pia uchanjwe, kwa kuwa ndiye unayetoka na kurudi na virusi nyumbani. Mengine unayajua: madirisha yafunguliwe hata kukiwa na baridi, mikono ioshwe, anayekohoa asimkaribie mama.

Kuhusu vitamini C: kwa mtu wa kawaida, kuimeza kila siku hakuzuii mafua. Hupunguza muda wa kuumwa kidogo tu, na ukiianza baada ya kuugua hata huo unafuu hauonekani. Na hivi vidonge vya "kuongeza kinga" vinanichosha. Kinga si tangi kwamba ukimimina zaidi ndivyo unavyokuwa salama. Kinga iliyopitiliza tunaitibu kila siku: mzio, baridi yabisi. Muuzaji hakwambii hayo. Wala usimpe mjamzito kidonge ambacho mkunga wake hajakiona.

Lakini kinachonikasirisha hasa ni hiyo sindano ya kukata mafua. Mara nyingi ni mchanganyiko wa dawa ya maumivu, antibayotiki (dawa ya bakteria) na steroidi (dawa inayotuliza kinga ya mwili). Antibayotiki haiui kirusi. Steroidi hushusha homa na kukuinua kitandani jioni hiyohiyo, nawe unamsifu aliyekuchoma, kumbe imeufunga mikono mwili wako wakati kirusi kinaendelea na kazi. Kwa mwenye kisukari kama mama yako, steroidi hupandisha sukari kwa kasi ya kutisha. Nimepokea wagonjwa waliofikishwa hapo na mtu mwenye koti jeupe na chumba cha nyuma ya duka.

Dawa ya influenza yenyewe ipo, inaitwa oseltamivir, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili za kwanza. Mkeo au mama wakishikwa na homa ya ghafla msimu huu, nendeni siku hiyohiyo, msisubiri kuona. Kama kuna watoto nyumbani wanaumwa, wasipewe aspirini kushusha homa. Inaweza kuwaharibia ini na ubongo. Na mgonjwa yeyote anayehema kwa shida, anayechanganyikiwa, au ambaye homa ilishuka kisha ikarudi na kikohozi kizito zaidi, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mkifika, mtajieni daktari kila sindano aliyochomwa, hata ile mnayoionea aibu.